Pacha wa Sindano

Baba alimchonga Sindano kwa ajili ya kushinda tu.
Kifua cha shibiri tatu, urefu wa hatua kumi na moja,
ubao umepigwa randa hadi jua likachungulia,
na mimi, kasia wa tatu, nilinyimwa ugali tangu Ijumaa.
"Maji hayana kinyongo na mtu," alisema,
"ila mwenye tumbo pana hutozwa ushuru."

Tulishinda miaka mitatu, Kibirizi hadi Katonga.
Wa nne tulipinduka mbele ya mgeni rasmi;
Sindano alitutema kama makapi ya miwa.

Ndipo mama, Mwavita binti Etabo, aliposema:
nataka chombo cha kunifikisha Buhingu kwa dada yangu,
nilale, nipike, nisitapike.

Katonga nzima ilijua jibu: boti pana, tumbo la kiboko.
Baba akashinda siku mbili akimtazama Sindano juu ya magogo.
Ya tatu akaanza kumchonga pacha.

Wembamba wawili, kati yao hatua nne,
mihimili ya mninga imewashika mabegani,
juu yake jukwaa, turubai, kitanda cha kamba.
Kila mmoja peke yake ni mlevi.
Wakishikana, wanafika nyumbani.

Lakini mbio hazikumtoka mzee.
Alipima sufuria. Alikata mpini wa mwiko.
Alimuuliza mama kama godoro lina ulazima;
mama akamuuliza kama yeye ana ulazima.
Godoro likapanda.
Likafuata jiko, debe la mawese, kuku wawili,
na kila mara maji yakapanda upana wa kidole
juu ya mstari mwekundu.
Tumbo pana husamehe gunia.
Kifua chembamba huandika deni.

Tena pacha hawakutoka sawa.
Yule mpya, wa kulia, mvule wake ulikuwa mbichi, mzito;
chombo kikawa kinavuta upande huo, kinatamani Kongo.
Baba akatafuta mawe ya kusawazisha.
Mama akahamia kushoto na jiko lake,
akaketi, akaanza kuchagua mchele.

Omo ikanyooka.

Ubavuni mwa Sindano namba saba bado inasomeka.
Baba hakuifuta; rangi, alisema, ni ghali.
Nje ya Kabogo, injini ikikohoa, tulipoipita boti ya mizigo
niliiona midomo yake ikihesabu mapigo ya kasia,
na humo hamkuwa na kasia hata moja.