Shomoro Ghalani

Kila Jumanne saa tatu usiku, hapa Minneapolis,
Halina huzima taa ya jikoni, huleta bakuli la bisi,
nasi hukaa kuyatazama maisha yangu
yakiigizwa na kijana mwenye meno mazuri.

Wakili wa familia. Ghorofa ya arobaini. Lifti ya kioo.
Mzee tajiri anamwita "mwanangu" huku akimkabidhi funguo za kasha.
"Wamekuibia," Halina hucheka,
nami husema la, hawajaniibia,
nguo chafu za matajiri hunuka namna moja.

Lakini wanakosea mengi.
Ofisi yangu haikuwa na dirisha la kutazamia mto.
Sikuwahi kupiga meza.
Hakuna aliyenibusu katika maktaba ya mtu.
Kazi yangu ilikuwa karatasi, na kungoja koridoni,
kofia magotini, mpaka bibi amalize kulia.

Nilimtoa Roald rumande kule Duluth, mara mbili,
mara ya pili nikamnunulia na suruali.
Mtoto wa Signe nilimtafutia baba
aliyekubali kwa dola elfu tisa na trekta.
Trekta haimo katika tamthilia. Nani angeamini?

Siri ya mtungi muulize kata.
Basi kata ni mimi. Nimezama humo miaka thelathini na minne,
na kila jioni nimerudi nyumbani mkavu.

Wrobel, jina letu, kwa Kipolishi ni shomoro.
Baba alibeba magunia ya unga wa Halstad
hadi kikohozi chake kikawa cheupe.
Mzee Thorvald alikuja mazishini, viatu vyake havina vumbi,
akaniuliza nasoma nini, akasema atalipa.
Ada yote. Hakuandika mkataba.
Angeandika, ningeijua siku ya kuumaliza.

Usiku huu kijana wa kwenye skrini amewekewa karatasi.
Binti wa familia kagonga mtu kwa gari; dereva atabeba kosa.
Halina ameacha kutafuna.
Kijana anaitazama kalamu. Muziki unapanda.
Anaichana karatasi, anatoka nje kwenye mvua,
na mvua, kwa kuwa imelipwa, inamnyeshea vizuri.

Januari ya themanini na sita hapakuwa na mvua.
Ziwa lilikuwa limeganda. Karin alikuwa akilia kwenye kiti cha nyuma,
alikohamia baadaye.
Dereva aliitwa Emmett Voss. Alikuwa kwake, amelala;
aliyemwamsha kwa simu ni mimi.
Maelezo yake niliyaandika mimi.
Neno "utelezi" nililichagua mimi
baada ya kufuta "giza", baada ya kufuta "haraka".
Miezi kumi na minane. Kisha kila Krismasi bahasha,
mpaka moja ikarudi: *hakai hapa*, mwandiko wa mwanamke.

"Ungeweza kuichana," anasema Halina. Hasemi kwa ukali.
Anasema kama mtu anayesema chumvi imezidi.
Nataka kumkumbusha mkopo wa nyumba, na mapacha,
na kwamba karatasi ile ilikuwa nzito, ya pamba,
si ya kuchanika ovyo.

Matangazo. Sabuni. Gari. Unga:
unga wao, pakiti ya bluu, mama anacheka
na unga umempaka puani.

Shomoro hula punje moja moja,
ndiyo maana hajioni mwizi.

Simu ya jikoni inalia. Saa hizi hawapigi wengine.
Halina hanitazami. Anaokota bisi zilizoanguka
kwenye zulia, moja, nyingine,
kwa utulivu wa mtu anayefagia baada ya wageni.
Inalia mara ya nne. Ya tano.
Nahesabu, kana kwamba kuhesabu ni kukataa.