Mkalimani Anachagua Chuo

Vijitabu vitatu juu ya meza,
kimoja kimeshalowa mchuzi wa mbaazi.
Saa kumi na moja alfajiri, mtaa wa Maweni,
feni inazifunua kurasa kabla yangu
kama shangazi asiyengoja kukaribishwa.

Mimi Nyevu, binti Kombe wa Kakuyuni,
miaka kumi na minne katika mahakama ya Malindi,
kinywa cha kukodi:
Kigiriama kikiingia, Kiingereza kikitoka,
Kiitaliano kidogo siku za kesi za mahoteli.
Nimesema “niliiba,” nimesema “sikuiba,”
nimesema “nilimpenda, mheshimiwa,”
nimesema “mimi” mara elfu kadhaa
na huyo mimi hajawahi kuwa mimi.

Kijitabu cha kwanza ni vioo vitupu. Nairobi.
Vijana wa tai wanaichekea kompyuta.
Mikataba ya benki, kodi, bima ya meli.
Sikibezi. Zaituni wa Barani alisoma huko,
kamjengea mamake nyumba ya mawe na kisima.
Kama ningekuwa naenda alikokwenda,
njia hiyo imetiwa lami hadi mlangoni.

Cha pili ni cha ng'ambo.
Ada yake nilidhani ni nambari ya simu.
“Utarudi na joho zuri,” alisema mume wangu,
“na sheria ya kuazima.”

Cha tatu kimechapwa vibaya. Mombasa,
masomo Ijumaa jioni na Jumamosi.
Picha ni moja tu, ya lango,
na mbuzi kapita mbele ya kamera.

Watu huniuliza: kipi kina jina?
Mwamba ngoma huvutia kwake,
kila wakili hukisifu alichosoma.
Mimi nina neno moja linaloniwasha.

Mwaka juzi, kesi ya shamba la Msabaha,
Bibi Umazi alisema: hapa ni mudzini kwangu.
Nami kwa haraka, karani akisubiri,
nikatoa neno la Kiingereza la nyumba.
Nyumba tu.
Jaji akauliza: iko wapi hiyo nyumba?

Tingatinga lilikuwa limeshapita.
Nyumba haikuwepo.
Makaburi yalikuwepo. Mikanju ilikuwepo.
Mnazi uliopandwa kwa kitovu cha mwanawe wa kwanza ulikuwepo,
na njia ya kisimani, nyembamba kama mshipa.
Vyote vimo ndani ya mudzi,
vyote nilivimwaga
kati ya ulimi na karatasi.
Wakili wake hakusimama.
Hakujua kuna kitu cha kusimamia.

Basi nikapiga simu, swali langu moja:
shahidi akitamka neno lisilo na pacha,
nani humfundisha wakili la kufanya?

Kwenye vioo walinipigia muziki,
kisha sauti yenye adabu ikanielekeza kwenye tovuti.
Ng'ambo walijibu siku ya tisa. Walinishukuru.
Mombasa alipokea mwalimu mwenyewe,
jogoo akiwika nyuma yake.
Akanyamaza. Kisha:
“Somo hilo hatuna.
Tuna kliniki ya ardhi, Jumamosi, chini ya turubai.
Njoo uniambie hilo neno.”

Sisemi ndicho bora.
Wengi wao huanguka mtihani wa uwakili mara ya kwanza,
niliuliza, hawakuficha.
Maktaba hufungwa saa mbili.
Na mwanangu Dzombo yuko kidato cha nne,
karo mbili hazilali mfuko mmoja.
Usiku kucha nimejumlisha,
jibu linabadilika kila nikibadilisha kalamu.

Sasa kumekucha.
Fomu ya Mombasa, ukurasa wa mwisho:
Eleza lengo lako la kazi
kwa maneno yasiyozidi hamsini.

Nimeandika: mudzi.

Yamebaki arobaini na tisa,
na kesi ya kwanza inatajwa saa tatu.