Ulimi wa Vazha

Saa tisa usiku, Kutaisi, theluji mlangoni.
Vazha mwoka mikate ameketi wima,
ulimi umemjaa kinywani kama kinyunga kilichoumuka.
Hana vipele. Hajikuni.
Adrenalini tumemdunga; uvimbe hausikii dawa.

"Anameza vidonge gani?"
Eteri mkewe anapekua mkoba:
miwani, kipande cha mshumaa wa kanisa,
enalaprili.
"Ya presha tu. Mwaka wa tatu huu, haijamdhuru."

Ndiyo hiyo, mama.

Namwita Lali wa usingizi aje na mrija mwembamba,
apite puani kabla njia haijaziba.
Sauti ya Vazha imeshazama, yatoka mtunginini.
Kwa kidole chenye unga
ananiandikia juu ya blanketi la buluu:
*tanuri*.

Ameacha moto unawaka.