Lebo Bado Nyeupe

Nsimire, kabla hatujabandika lebo
tuhesabu madeni.

Kilevi ni cha Mama Cibalonza wa Kadutu,
kanyanga aliyoikeneka mara tatu
mpaka ikasahau kwamba ilikuwa ndizi.
Ukinusa kwa subira, ndizi inakumbuka.

Udi ni wangu. Nasema wangu
kwa sababu chetezo kilitoka Kasongo
kichwani mwa bibi, kimeviringishwa kitenge,
naye alikirithi kwa Waungwana,
nao udi waliupata kwa wachuuzi wa pwani,
nao wachuuzi kwa wenye meli,
ambao mti wenyewe haukuota kwao.
Basi hilo neno wangu limechakaa
kama noti ya franka mia tano:
linapita sokoni, ila usilikunjue sana.

Siagi ya moshi ni yako.
Ulinifundisha kuiyeyusha, kulaza maua ndani,
kungoja siku tisa bila kufunua.
Nilifunua siku ya nne.
Hukunigombeza. Ulinusa, ukanyamaza,
ukachukua gome la mkwinini la shamba la shangazi yako Walungu,
ukalitwanga.
"Uchungu," ulisema, "ndio unaoushika utamu mkono
usipotee njiani."

Kisha yule mgeni wa Muhumba, mwenye viatu safi msimu wa matope.
Akapaka kifundo cha mkono, akafumba macho,
akauliza bei ya mapishi peke yake;
chupa tubaki nazo sisi.
Ulimjibu kwa Mashi, maneno matano.
Sikujua hata moja.
Nilimfungulia mlango.

Kuomba moto si kuiba moto.
Lakini mwombaji hutembea na kaa lake
akisema jiko lilikowaka,
hata likimchoma.

Usiku huu umeme umekatika tena.
Tunapima matone kwa mwanga wa simu,
asilimia tisa imebaki.
Mvua ya Nguba inapiga bati,
na udongo mwekundu unapandisha harufu yake
hadi ndani, haukubisha hodi,
haudai jina.

Wewe unasema yalikuwa matone kumi na moja.
Mimi nimehesabu kumi na mawili.
Tunabishana, simu inazimika,
na gizani hapo, kizibo kikiwa bado mkononi mwa mmoja wetu,
sijui nani,
chupa haikutungoja.