Kata

Maji ya mkokoteni, dumu shilingi hamsini,
na Shekuwe ameshamaliza mawili
kwa kiwiko kimoja.

Anajua ni safi. Usimweleze.
Jicho limeona, ngozi imehisi,
kuna kitu tu ndani hakiridhiki,
kinauliza: una hakika?

Majirani hapa Kibokoni walisema jini.
Wakaleta kombe. Akalinywa,
baada ya kuosha bilauri mara tisa.

Daktari wa Tudor hakumcheka.
"Si imani haba, haya ni maradhi.
Shaka ikija, iache ikae.
Usiiandalie."

Leo, mara ya tatu,
ameweka kata chini.
Mikono yamtetemeka, yachuruzika,
midomo bado yahesabu.

Nimenyamaza.
Dumu lina maji.
Nimeteleka chai.