Shubiri Tatu Kasoro Kidole

Boneti iko juu ya meza ya jikoni,
imelala chali kama kobe aliyepinduliwa,
nasi tunakula tumesimama, siku ya pili hii,
bakuli mkononi, kiwiko kwenye friji,
kwa sababu gundi haitaki baridi
na huko nje, hapa Nain, leo ni ishirini na tisa
chini ya sifuri.

Renatus amesema ilipasuka yenyewe.
"Baridi, shangazi. Niliizima, nikaenda kutazama mitego,
nikarudi nikaikuta hivyo."
Anasema huku akikwangua ukoko wa sufuria
ambao haupo.

Mimi sikusoma sana, lakini ufa naujua kuusoma.
Ufa wa baridi huanzia pembeni, kwenye skrubu,
hujikokota, mwembamba kama unywele.
Huu umeanzia puani pa pikipiki,
palipobonyea kiasi cha ngumi,
ukatimka, ukapanda, ukakata kushoto,
ukaigawa mara mbili ile namba
aliyoibandika marehemu mume wangu.
Na ndani yake mna unga wa kijivu.
Baridi haitembei na mawe mfukoni.
Njia ya mwongo ni fupi, husema watu.
Nimeipima:
shubiri tatu kasoro kidole.

Sikusema kitu.
Boneti mpya itakuja na meli ya Julai,
bei yake inaishinda pikipiki yenyewe,
na kuni ziko ng'ambo ya ghuba,
na sili hawabishi hodi.
Nikachukua drili ya mkono
nikatoboa kitundu pale ufa unapokoma.
Ufa haufukuzwi kwa nyuma:
unautangulia, unauchimbia kishimo,
utumbukie humo usahau safari.

Kisha msasa, upande wa ndani.
Vumbi likanikaa kwenye nyusi,
likakaa kwenye chai.
Chini ya masizi na grisi ya misimu
msasa ukagonga kitu kigumu zaidi.

Kiraka.
Kitambaa cha faibaglasi, kimekatwa ovyo
kwa mkasi wangu wa kushonea
(nilijua tu kuna mtu aliyeutia butu!)
na gundi ya zamani imetuama ukingoni,
ndani yake dole gumba limeacha chapa,
mistari yote, na lile kovu la kisu cha samaki.

Boas.

Boas, uliyerudi usiku ule unachechemea
ukaniambia umeteleza kwenye ngazi za kanisa,
nami nikakukanda goti kwa mafuta wiki mbili,
nikamwendea mlinzi wa kanisa, mzee wa watu,
nikamgombeza mbele ya wanakwaya
kwa kutomwaga mchanga.

Fupi, hiyo njia ya mwongo?
Hii imetembea miaka kumi na minne,
imebeba kuni, imebeba nyama,
imenibeba mimi nimeshika kiuno chako,
boneti ikitutangulia, imefumba mdomo.

Nilicheka peke yangu
hadi gundi ikaanza kuganda kwenye kopo,
ikabidi nikoroge nyingine.

"Renatus. Njoo ushike taa."
Akaja. Akamulika. Akaliona dole.
"La nani hili?"
"La mtu aliyeteleza kwenye ngazi."
Nikatandika kitambaa, nikapaka, nikakandamiza
mapovu yatoke. Taa ikatikisika kidogo.
"Lilikuwa jiwe," akasema.
"Pale mto unapoingia baharini.
Nilikuwa namtazama mbweha."
"La jiwe ninalo tangu jana.
Mbweha ndiye habari mpya. Bana hapo, usiachie."

Kile kiraka cha zamani sikukigusa tena.
Msasa uliruka, ukaendelea upande wa pili.
Rangi nyekundu hatuna; ipo ya bluu, ya mashua,
itabidi iridhike nayo.

Sasa tunangoja ikauke.
Supu ina ladha ya kiwanda.
Tumeegemea friji, mimi na yeye,
bakuli mkononi,
na ananieleza alivyokuwa mkia wake.