Ini Halina Ulimi

Daktari Sandhu aligeuza kioo cha kompyuta nione:
ini langu, jeupe kama tui lililoganda,
liking'aa pale lilipopaswa kuwa giza.
"Unakunywa?"
"Chai," nikamjibu. "Na maji ya bomba ya Coventry."
Akatabasamu kidogo, akauliza kwa njia nyingine:
kwa wiki, glasi ngapi?
Mimi, Mwanakheri binti Shekue,
ambaye hata siki huinusa kwanza.

Nilitaka kumwambia kwetu ini si nyama tu.
Mwana akikukosea amekukata maini,
na yule wa ndani usiyeweza kumtema
ni nyongo mkalia ini.
Lakini miadi ni dakika kumi,
na saba ziliishia kwenye pombe.

Kisha akasoma orodha ya dawa zangu, kidole kikishuka,
kikasimama kwenye tamoksifeni.
"Muda gani sasa?"
Miaka mitatu na miezi minne.
Kidonge kama kifungo cha shati,
nakimeza baada ya alfajiri, dirisha likitoka jasho,
tangu waliponitoa titi la kushoto kule Walsgrave.
Kimesimama mlangoni, uvimbe usirudi.
Safarini nilikificha pamoja na pasi,
na pasi ndiyo ningekubali ipotee.

Kumbe mlinzi naye ana mambo yake.
Usiku nimelala, alikuwa akiweka akiba ya mafuta
chumba cha pili, tone kwa tone.

"Huenda si dawa peke yake," akasema. "Kuna sukari, kuna uzito."
Naam. Kuna ghala la Foleshill, zamu ya usiku,
soda ya saa tisa, chipsi za saa kumi na moja,
na Januari ambayo humtoa nje mwenye mbwa tu.

Niache?
Akavua miwani.
"Usiache kwa uamuzi wako peke yako. Tutalipima tena.
Titi lililobaki nalo lina haki yake."

Tunu wa ghorofa ya chini akashusha sauti:
"Usimwambie mtu. Watasema ulikuwa ukinywa kwa siri."
Dada yangu akapiga simu kutoka Pangani:
tupa madawa ya wazungu, nakutumia unga wa mlonge.
Nao utapita huku huku, mdogo wangu.
Hakuna mgeni asiyepitia kwa ini.

Nagusa chini ya mbavu, upande wa kulia.
Haliumi. Hilo ndilo linaloniudhi.
Titi lilinipa angalau kijivimbe cha kukishika bafuni;
ini limebeba, limenyamaza,
kama mama mkwe aliyekasirika.

Leo nimemeza tena, kwa bismillahi,
nikaliomba radhi,
nikavaa viatu vya Ilhamu vinavyonibana kidole gumba
nikashuka kando ya mfereji, barafu ikilia chini ya soli.
Punda afe, mzigo ufike, wanasema.
Mimi nawataka wote wawili wafike.